Earl Anthony, mashoto wa Tacoma: majibu ya maswali mnayoniuliza

Kwenye ukuta wa ghala ninakofanyia kazi, hapa Iyunga, Mbeya, nimebandika picha ya Mzungu mwenye miwani na nywele fupi kama za mwanajeshi. Goti limekunjwa, mkono wa kushoto umebaki juu, mpira umeshaondoka. Kila anayekuja kupakia mahindi anauliza huyu ni nani. Vijana ninaocheza nao Jumapili wanauliza zaidi, na wazazi wao wananitumia ujumbe wa sauti hata usiku. Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja. Nimeacha maswali kama mlivyoyauliza wenyewe.

Huyo mtu kwenye picha ni nani?

Ni Earl Anthony, Mmarekani, mchezaji wa kulipwa wa bolingi. Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1938 katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, na maisha yake ya ujana aliyapitisha mji wa Tacoma. Alifariki mwaka 2001. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilipotimiza miaka 50 kiliteua jopo la kupanga wachezaji 50 bora wa kipindi chote hicho. Orodha ilipotoka mwaka 2009, jina la kwanza lilikuwa lake.

Kwani huyo si mchezaji wa kriketi?

Hapana. Wengi huchanganya kwa sababu kwenye kriketi pia mrushaji huitwa kwa Kiingereza bowler, kama mchezaji wa bolingi. Bolingi haina gongo. Unavingirisha mpira mzito sakafuni ili uangushe pini kumi zilizosimama mwisho wa njia.

Unachezwaje? Nieleze kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

Chukua sakafu ndefu ya mbao iliyonyooka. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kitu, na upana wake ni kama mita moja. Kila upande kuna mfereji. Mpira ukitumbukia humo umeula wa chuya. Pini zimepangwa pembetatu: moja mbele, kisha mbili, tatu, nne nyuma. Kila pini ina kimo cha sentimita 38 na uzito wa kama kilo moja na nusu. Mpira una matundu ya vidole na unaruhusiwa kufika kilo 7.26. Waliorusha tufe shuleni wataukumbuka uzito huo, maana tufe la wanaume lina uzito uleule.

Mchezo una awamu kumi. Kila awamu una mitupo miwili ya kuangusha pini zote. Ukizimaliza kwa mtupo mmoja, hiyo ni straiki: unapata 10, na unaongezewa pini za mitupo yako miwili inayofuata. Ukizimaliza kwa miwili, ni spea: unapata 10 na unaongezewa mtupo mmoja unaofuata. Tuseme umepiga straiki, kisha awamu ya pili umeangusha 7, halafu 2. Awamu ya kwanza ni 10 na 7 na 2, yaani 19. Ya pili ni 9. Jumla 28. Vijana wangu walishika hesabu hii ndani ya wiki mbili, na mmoja wao hesabu za darasani zilikuwa zinamtoa jasho.

Ukipiga straiki mfululizo mara 12 unapata 300, na hapo hakuna cha kuongeza.

Ni kweli alikuwa dereva wa foklifti kama wewe?

Kweli kabisa, na ndiyo sababu picha yake iko ukutani kwangu, si ya mwanamichezo mwingine. Baada ya kutoka Jeshi la Anga la Marekani aliajiriwa Tacoma kwenye ghala la kampuni ya jumla ya vyakula. Kazi yake ilikuwa kubeba paleti za mizigo kwa foklifti, lile gari dogo lenye uma wa kunyanyulia. Wafanyakazi wenzake walikuwa na ligi yao ya bolingi, naye akaingia.

Mtu asiyeijua foklifti anaona ni usukani tu. Lakini kuingiza uma chini ya paleti bila kuchana gunia ni kazi ya jicho na subira. Unasogea sentimita, unasimama, unatazama, unasogea tena. Ukikosea, kilo mia za mahindi zinamwagika na makuli wanakutazama. Nikitazama video za zamani za Anthony akielekea mstari naona utulivu huohuo, wa mtu aliyezoea kuweka kitu kizito mahali pake bila papara. Haya ni mawazo yangu mwenyewe, lakini nayaamini.

Alianza akiwa mtoto?

La, na hili naomba wazazi mlisome mara mbili. Alianza kucheza kwa dhati akiwa na miaka 21. Kabla ya hapo ndoto yake ilikuwa besiboli. Alikuwa mrushaji, lakini jeraha likamkatiza. Taji lake la kwanza kwenye mashindano ya PBA alilipata mwaka 1970, akiwa amefikisha miaka 32. Hapa kwetu kijana wa miaka 25 anaambiwa soka limempita, akae kando. Anthony katika umri huo alikuwa bado anashusha mizigo.

Alipoingia mashindano ya kulipwa alishinda moja kwa moja?

Alirudi mikono mitupu. Mwaka 1963 alijaribu kufuata mashindano ya PBA, akacheza, hakupata hata senti ya zawadi. Kwenye mchezo ule unajilipia nauli, chakula na chumba; usipoingia kwenye nafasi za kulipwa, mfuko unakauka. Akarudi Tacoma, akarudi kazini.

Miaka iliyofuata alifanya mazoezi kwa wingi usio wa kawaida kwa mtu mwenye ajira. Aliporudi tena mwishoni mwa muongo ule alikuwa mchezaji mwingine. Taji la 1970 alilipata Seattle, mji jirani na kwao. Mcheza kwao hutunzwa.

Kwa wanaopenda kukumbuka miaka kwa matukio ya hapa nyumbani: 1970 ndio mwaka ujenzi wa reli ya TAZARA ulipoanza. Reli ilipokamilika 1975, Anthony alikuwa katikati ya msimu wake mkubwa kuliko yote. Mimi kila nikiona stesheni yetu ya hapa Iyunga hukumbuka hilo.

Kwa nini unasisitiza kila mara kwamba alitumia mkono wa kushoto?

Kwa sababu mimi ni mashoto.

Lugha yetu yenyewe inasema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Tukuyu nilikokulia, bibi yangu alikuwa anakaa karibu na chungu cha ndizi na mwiko mkononi. Nikipeleka mkono wa kushoto, mwiko unagonga vifundo vya vidole. Haukuwa na nguvu, lakini haukukosa hata siku moja. Bibi simlaumu, alitaka nisiaibike mbele ya wageni. Shuleni ndiko kulikouma. Darasa la pili mwalimu alinifunga kidole gumba cha kushoto kwa kitambaa, akakiunganisha na kile cha jirani, ili kalamu isishikike. Nilijifunza kuandika kwa kulia. Mwandiko wangu mpaka leo unalala kama mgomba uliopigwa na upepo.

Miaka mingi baadaye, kwenye simu ya rafiki, nikaona video ya huyu mtu. Anainua mpira, anatembea hatua zake, mkono wa kushoto unashuka kama bembea, mpira unateleza bila kishindo. Hakuna aliyemfunga kidole. Niliirudia mpaka chaji ya rafiki yangu ikaisha, akanuna.

Ndiyo maana Jumapili nikiona mtoto anasita, anahamisha mpira kutoka mkono mmoja kwenda mwingine huku anamtazama mama yake, huwa nasogea na kumwonesha picha ile.

Nimesikia mashoto wanapendelewa kwenye bolingi. Ni kweli?

Ubishi huu ulimfuata Anthony maisha yake yote, na una msingi, ila si kama wanavyousema.

Njia ya bolingi hupakwa mafuta. Mpira unateleza kwenye mafuta, kisha ukifika sehemu kavu unashika na kukunja kona kuelekea pini. Sasa wachezaji wengi ni wa kulia, na mipira yao inapita upande wao mchana kutwa. Mafuta yanaliwa, njia inabadilika kila saa. Fikiria barabara ya udongo wakati wa mvua za Rungwe: magari yote yakipita mkondo mmoja, mkondo unachimbika, na upande wa pili unabaki kama ulivyokuwa asubuhi. Mashoto wachache wanapita huo upande wa pili.

Upande huo ukiwa mzuri, mashoto anafaidi. Lakini ukiwa mbaya unabaki mbaya, kwa sababu hakuna wenzake wa kutosha wa kuulainisha. Na mbona mashoto wengine wa enzi yake, waliopita upande uleule, hawakufikia mataji yake? Kwangu hilo linatosha.

Basi siri yake ilikuwa nini?

Kurudia kitu kimoja bila kukibadilisha. Hakuwa mtu wa nguvu. Miaka ya sabini alitokea Mark Roth, kijana wa New York aliyeurusha mpira kwa msokoto mkali na pini zikarukaruka, na watazamaji walimpenda kwa vishindo vyake. Anthony alikuwa kinyume chake. Mwendo uleule, kasi ileile, shabaha ileile, kuanzia mtupo wa kwanza asubuhi hadi fainali. Wenzake walimfananisha na mashine, na nadhani walimaanisha kumsifu.

Kuna jambo dogo ambalo vijana wangu walilipenda sana nilipowaeleza. Akilenga mashoto, mpira hauendi kugonga pini ya mbele usoni. Unapita kwenye uchochoro kati ya pini ya kwanza na ya pili. Wa kulia anapita kati ya ya kwanza na ya tatu. Katika straiki safi ya mashoto, mpira wenyewe unagusa pini nne tu: ya kwanza, ya pili, ya tano na ya nane. Sita zilizobaki zinaangushwa na wenzao. Ukikosea uchochoro ule kwa upana wa kidole, pini moja inabaki imesimama inakutazama. Anthony aliupata uchochoro ule mara nyingi kuliko binadamu yeyote wa wakati wake.

Mataji yake ni 41 au 43? Naona namba mbili.

Zote ni sahihi kwa wakati wake. Alipostaafu alihesabiwa 41. Baadaye, mwaka 2008, PBA iliamua kuhesabu na ubingwa wa mashindano ya Masters ambao wanachama wake waliwahi kuupata. Yeye aliutwaa 1977 na 1984, ikawa 43.

Katika hayo kumi ni makubwa. Ubingwa wa taifa wa PBA aliuchukua mara sita, na jinsi alivyouchukua ndiyo inayonishangaza: 1973, 1974, 1975 mfululizo, halafu 1981, 1982, 1983 mfululizo tena. Ubingwa wa mabingwa, uliokuwa ukichezwa Akron, Ohio kwa udhamini wa Firestone (ndio haohao wa matairi), aliupata 1974 na 1978. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka alipewa mara sita.

Mwaka 1975 peke yake alishinda mashindano saba. Roth akaipita rekodi hiyo miaka mitatu baadaye kwa kushinda manane.

Alitajirika?

Kwa kipimo cha mchezo wake, alifungua mlango. Mwaka 1975 alikuwa mchezaji wa kwanza wa bolingi kupata zaidi ya dola 100,000 za zawadi ndani ya msimu mmoja. Mwaka 1982, aliposhinda ubingwa wa taifa mjini Toledo, Ohio, akawa wa kwanza kufikisha dola milioni moja kwa jumla ya zawadi za maisha yake ya mchezo. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka kumi ya safari, moteli na mitupo isiyohesabika, ndiyo ikazaa milioni ile. Nayasema haya kwa kijana aliyeniuliza kama bolingi inalipa kama Ligi Kuu ya Uingereza. Hailipi hivyo.

Baadaye alinunua ukumbi wake wa bolingi huko Dublin, California, ukabeba jina lake. Alitangaza pia mchezo huo kwenye televisheni.

Kweli alipatwa na shambulio la moyo?

Ndiyo, mwaka 1978, akiwa na miaka 40. Wengi walidhani kazi imekwisha. Alipona, akarudi uwanjani, na yale mataji matatu ya ubingwa wa taifa ya 1981 hadi 1983, pamoja na tuzo tatu za mchezaji bora wa mwaka, yote yalikuja baada ya ugonjwa. Baba wa kijana wetu mmoja alipatwa na tatizo kama hilo mwaka jana, na swali hili lilitoka kwake. Mzee, shikamoo. Nakuombea nguvu, na daktari akikuruhusu kutembea, njoo ukae utuhesabie pointi.

Kuna kitu alikikosa?

US Open ya bolingi, mojawapo ya mashindano makubwa. Alimaliza nafasi ya pili zaidi ya mara moja, kikombe hakikumfikia.

Inafaa mjue jinsi fainali za televisheni zilivyokuwa. Wanabaki watano. Wa tano anacheza na wa nne, anayeshinda anapanda kucheza na wa tatu, na hivyo hivyo hadi kumkuta aliyeongoza, ambaye muda wote huo amekaa anasubiri. Aliyeongoza siku nyingi anacheza mchezo mmoja tu, na huo mmoja unaweza kumnyima. Mimi naona ni ukatili kidogo, ingawa kwa mtazamaji ni utamu mtupu.

Mbona wengine wanasema kuna waliompita?

Kwa namba wapo. Walter Ray Williams Jr. alivunja rekodi ya mataji 41 mwaka 2006 na akaendelea hadi 47. Huyo pia aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa kurusha viatu vya farasi, mchezo wa kulenga kigingi. Jason Belmonte wa Australia, anayerusha kwa mikono miwili, ana mataji makubwa 15, na mwaka 2019 ndipo alipoipita kumi ya Anthony. Williams na Belmonte kila mmoja ana tuzo saba za mchezaji bora wa mwaka.

Mimi bado namweka Anthony mbele. Alianza akiwa na miaka 21, akaingia kwa uzito akiwa na zaidi ya 30, akaugua moyo, na bado walihitaji zaidi ya miaka ishirini kuzifikia namba zake. Anayebisha aje Jumapili tubishane.

Binti yangu anataka kucheza. Huu si mchezo wa wanaume?

Mama, mlete. Januari 2010, Las Vegas, Kelly Kulick alishinda ubingwa wa mabingwa wa PBA dhidi ya wanaume. Kwenye fainali alimfunga Chris Barnes, mmoja wa wakali wa wakati huo, kwa 265 dhidi ya 195. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata taji la PBA.

Uko kwenye Olimpiki?

Hapana. Ulioneshwa tu Seoul mwaka 1988, bila medali rasmi.

Alifariki vipi?

Alianguka kwenye ngazi nyumbani kwa rafiki yake, New Berlin, Wisconsin, tarehe 14 Agosti 2001. Alikuwa na miaka 63.

Mchezo wa kulipwa alikuwa ameshauacha. Alistaafu mara ya kwanza baada ya msimu wa 1984, akarudi 1987, akaacha kabisa 1991 kwa maumivu ya viungo.

Sisi hapa tunachezaje bila ukumbi?

Sakafu ya ghala ni saruji laini, na mwenye ghala anatupa upande mmoja Jumapili ambapo hakuna lori. Tunafagia kwanza, kwa sababu chenga moja ya mahindi inageuza mpira. Tunapima mita 18 kwa kamba, tunachora mstari kwa chaki. Pini ni chupa za maji za lita moja na nusu, kila moja ina vikombe viwili vya mchanga. Tulianza na kimoja zikawa zinaanguka kwa upepo wa mlangoni. Mpira ni wa netiboli uliochoka, tuliuchana, tukaushindilia matambara na mchanga, fundi viatu wa Mwanjelwa akaushona kwa uzi wa nailoni. Haukunji kona kama wa Anthony, maana mshono unaudundisha. Lakini uchochoro kati ya chupa ya kwanza na ya pili upo palepale.

Mwanangu ana miaka tisa, anatumia kushoto, na nyumbani bado tunamkataza. Nimlete?

Mlete Jumapili saa nane mchana, ghala la pili ukitoka stesheni. Aje na raba zenye soli safi, vumbi la mahindi linateleza. Mpira tutauweka sakafuni mbele yake, na mkono atakaouokotea ndio tutakaouanzia.